Mlango Tuliomrudishia Fundi

2 Machi

Mvua ya kwanza imekuja mchana, bila radi na bila upepo. Nilikozaliwa mvua hutanguliwa na upepo wa vumbi jekundu, mama akatutuma kuanua nguo. Hapa nimekaa zaidi ya nusu ya umri wangu, na kila mwaka bado natoka nje kuutafuta upepo huo.

Leo tumemaliza kulipaka chokaa ghala la zamani la pamba. Sasa ni nyumba ya akina mama: chumba cha mbele ni cha cherehani, na cha muuguzi akija, cha kati ni cha watoto wakati mama zao wako mashambani, cha nyuma kina vitanda kwa yeyote ambaye kwake hakulaliki. Maneno hayo ya mwisho ni ya mwenyekiti wetu, Mama Mizani, muuza nafaka mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mimi nilitaka tuandike ukutani "hifadhi ya muda".

"Bibi Vitabu," akasema, "nani ataelewa hilo? Andika kwake hakulaliki."

Nimeandika. Mwanamke huyu ananichosha. Huamrisha hata anapoomba chumvi.

Mlinzi wa nyumba ni mimi. Wamenipa kijiofisi cha karani wa pamba, mwisho wa jengo, nilale humo na vitabu vyangu.

5 Machi

Fundi seremala amekuja kufunga mlango wa mbele. Ndiye pekee kijijini. Ametutengenezea vitanda, mabenchi na fremu za madirisha, na hakutaka hata shilingi. "Shikamoo, Bibi Vitabu," husema kila anaponiona, hata tukikutana mara nne kwa siku. Mlango ni mzito, unafunguka kwa nje kama milango yote ya maghala. Amenikabidhi ufunguo mmoja, mwingine akampa Mama Mizani.

Ukutani kwenye karakana yake kuna ubao uliojaa misumari, na kwenye kila msumari umening'inia ufunguo wa nyumba aliyowahi kuitilia kitasa. Ukipoteza wako, unamwendea, anakuazima ule wa ukutani huku akikutania. "Kijiji kizima kimelala kwangu," husema, na watu hucheka. Leo alipousema utani huo nami nilicheka.

Ni mtu mwema. Ningekuwa na mwana, ningetaka awe na mikono kama ile.

12 Machi

Mvua. Watoto wamejaa chumba cha kati. Mmoja kanifichia miwani ndani ya sufuria ya uji.

19 Machi

Mto umevuka kingo na daraja limezama. Lori la Dereva, ambalo hutuletea bidhaa na kuondoka na mazao, limebaki ng'ambo. Kituo cha polisi kiko ng'ambo. Hospitali na ofisi za serikali, ng'ambo. Muuguzi naye yuko huko huko. Simu inashika ukisimama juu ya jiwe nyuma ya shule, na siku za mvua kubwa haishiki kabisa.

21 Machi

Lazima niandike taratibu, maana sitaki kusoma baadaye mwandiko nisioujua.

Asubuhi mke wa Fundi alikuja. Alipita katikati ya soko, kikapu mkononi na binti yake mdogo ubavuni, akisalimia watu kama anayekwenda kununua vitunguu. Alipoingia ndani akaweka kikapu chini, na ndipo nikaona kwamba mkono wa pili alikuwa ameuficha ndani ya mtandio. Kifundo kilikuwa kimevimba hadi vidole havikunjiki.

"Umeanguka?" akauliza msichana anayetushonea, yule wa cherehani.

"Nimeangushwa."

Aliliambia dirisha. Kisha akaanza kunieleza, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za bidhaa: si mara ya kwanza, ila mara hii binti alijaribu kuingia kati, na baba yake akamtazama. Hakumpiga. Alimtazama tu. "Lile jicho nalijua, Bibi. Nikasema, basi, zamu yake inakuja."

Ana dada yake mjini, ng'ambo ya mto. Anachotaka ni kukaa hapa na mtoto mpaka barabara ifunguke, wapande lori. Hayo tu.

Mama Mizani aliitwa, akaja mbio na unga ungali kwenye nyusi. Alimfunga mkono kwa vipande viwili vya mbao na kitambaa, vizuri kuliko nilivyotarajia, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona. Alipomaliza akasimama atufungie mlango. Akaushika, akauangalia, akakaa chini palepale sakafuni.

"Ufunguo," akasema.

Hakuna aliyeuliza ufunguo gani. Wote tuliuona ule ubao. Wote tumewahi kusimama mbele yake tukicheka.

"Tulipojenga hapa," Mama Mizani akasema, "tulidhani tunamkimbia nani? Mimi niliwaza walevi. Watu wa mbali. Wale wa kwenye redio."

"Mimi niliwaza shemeji yangu," akasema msichana wa cherehani.

Tukacheka, Mungu atusamehe. Hata mke wa Fundi alicheka. Kisha kicheko kikaisha ghafla, na tukabaki tunasikiliza nje.

22 Machi

Mvua. Hajaja.

23 Machi

Amekuja. Mchana mweupe, na kopo la mafuta mkononi.

"Shikamoo, Bibi Vitabu."

"Marahaba."

Sikuongeza "mwanangu" kama siku zote. Sijui kama aliligundua hilo. Nadhani aligundua.

"Bawaba mpya hulia mvua zikianza," akasema. "Nimekuja kuzilainisha." Akazipaka mafuta, moja baada ya nyingine, polepole, akiufungua na kuufunga mlango kupima. Hakumwulizia mkewe. Hakuchungulia ndani. Alipomaliza akafuta alama za vidole vyake kwenye mbao kwa leso. "Sasa haulii tena. Ukifunguliwa hutasikia kitu."

Aliniaga kwa heshima zote. Nilirudi ofisini kwangu nikakaa kitandani. Woga wangu naujua kwa miguu: vidole hukunjana ndani ya viatu vikakataa kunyooka. Mara ya mwisho vilikunjana hivyo nilikuwa naivuka mipaka, na viatu havikuwa vyangu.

25 Machi

Tumejifunza kusikiliza nyundo. Karakana iko karibu, ng'ambo ya uwanja wa soko. Nyundo ikigonga, tunafua, tunapika, mtoto anacheza. Ikinyamaza, tunasimama na vijiko mkononi.

Nilipendekeza tuweke komeo kwa ndani. Mama Mizani alilitazama wazo langu kwa huruma. "Mlango unafunguka kwa nje, bawaba ziko nje, upande wake. Atatoa parafujo, auinue wote, akupe shikamoo, aingie."

27 Machi

Mama yake Fundi amesimama barabarani leo, na mwavuli uliovunjika, akatupigia kelele mpaka watoto wakaanza kulia. Ni mwanamke wa umri wangu, mkavu kama kuni. "Wavunja nyumba nyinyi! Mmemfungia mke wa mtu kama kuku! Na wewe mgeni, kwenu ulivunja zipi mpaka ukafukuzwa?"

Nimeambiwa mengi katika maisha yangu ya kuhama. Hili bado linachoma.

28 Machi

Mvua. Nyundo, siku nzima.

30 Machi

Asubuhi jua lilichomoza kidogo, mto ukatulia, na wanawake wakaamua kwenda kufua. Tulikwenda sote, mke wa Fundi katikati yetu, mtoto mgongoni kwa msichana wa cherehani. Nilifunga mlango mwenyewe. Nilitikisa kitasa. Ufunguo niliutia kifuani.

Nyundo tuliisikia hadi tulipofika mtoni. Huko maji yana kelele, na hatukuisikia tena.

Tuliporudi mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Nikaufungua. Kila kitu mahali pake, sufuria, cherehani, nguo. Mtoto ndiye aliyetangulia chumba cha nyuma, na ndiye aliyeita: "Mama! Njoo uone!"

Juu ya kitanda chao palikuwa na kigoda kipya. Kidogo, cha kimo chake, kimesuguliwa kikawa laini, kimechongwa ua kwenye kiti. Bado kilinukia mbao mbichi. Shuka chini yake lilikuwa limenyooshwa vizuri.

Mtoto alikikalia. Mama yake alilivuta lile shuka lililonyooshwa, akaenda kulifua.

Jioni habari zikawa zimeenea, na nimesikia wanachosema sokoni: kaleta zawadi, kosa liko wapi? Baba anampenda mwanawe. Kufuli hakuvunja, kitu hakuiba. Ukimweleza mtu woga kwa maneno, unabaki mkononi na kigoda cha mtoto.

1 Aprili

Kikao. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea, wengine kwa umbea, lakini walikuja.

"Tununue kufuli nyingine," akasema mmoja.

"Ataifunga nani?"

"Tutaipigilia wenyewe."

"Na nyundo utaazima kwa nani?"

Kisha mmoja akaanza kucheka huku amejifunika uso, na chumba kizima kikamfuata. Nyundo moja ya maana kijijini, na sote tunajua iko wapi. Walicheka hadi machozi, na mimi niliwatazama nikaogopa zaidi, kwa sababu niliwahi kuwa katika chumba kingine, katika nchi nyingine, ambapo watu walicheka hivyo jioni na asubuhi hawakuwepo.

Mama Mizani hakucheka. Aliuegemea mlango, akaupigapiga kwa kiganja kama anayepima gunia.

"Mlango huu una mwenyewe," akasema. "Tumrudishie."

"Tulale wazi?"

"Tulale mlangoni. Kila usiku wanne. Kila nyumba itoe mtu, hata nyumba inayosema kosa liko wapi. Hiyo ndiyo itoe wa kwanza."

Nilipinga. Naandika hapa kwamba nilipinga, nikataja hatari zote kwa mpangilio, na hakuna hatari niliyotaja iliyokuwa ya uongo. Mke wa Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bibi, mlango ukiwepo silali. Nakodoa kitasa mpaka kunakucha. Uondoeni."

Waliung'oa kwa kisu cha jikoni na shoka. Wanawake sita waliubeba vichwani, mvua ikiwanyeshea, katikati ya soko, saa ambayo kila mtu yupo. Hawakuimba wala kupiga vigelegele. Nilifuata nyuma, vidole vikiwa vimekunjana viatuni, na nilichokisikia ni miguu tu kwenye tope. Wauzaji walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Walifika karakana wakauegemeza ukutani, chini ya ubao wa funguo.

"Huu ni wako," Mama Mizani akamwambia. "Hatuuhitaji."

Fundi alikuwa ameshika randa. Alitabasamu, akatutazama mmoja mmoja kama anayetuhesabu, akanifikia mimi nyuma ya wote.

"Shikamoo, Bibi Vitabu."

Mwenye duka la jirani alikuwa amesimama nje akitazama. Baada ya muda akaingia karakana, akaunyanyua ufunguo wa duka lake kutoka kwenye msumari, akautia mfukoni na kutoka. Wa pili alikuwa mwalimu mkuu. Sijui wangapi walifuata. Mama Mizani alinishika mkono tukaondoka.

2 Aprili

Usiku umepita. Upepo unaingia kama kwake.

4 Aprili

Fundi alinikuta kisimani, peke yangu. Alininyang'anya ndoo kwa upole, akanibebea.

"Bibi, mimi sina kinyongo na wewe. Wewe ni msomi, umeburuzwa tu na Mama Mizani." Akatembea kidogo. "Nasikia mvua zikiisha watu wa ofisi watapita kuandikisha wageni. Wataanza kuuliza majirani. Nani anamjua huyu bibi, karatasi zake ziko wapi. Siku zote nimekuwa nikisema, huyu ni wetu. Sasa sijui nitasema nini."

Aliweka ndoo kizingitini pasipo mlango. Hakumwaga hata tone.

Karatasi zangu niliziacha kwenye maji ya mto mwingine, ujanani. Nilichonacho ni cheti cha kambi ambacho wino wake umefutika. Nilikuwa nimeanza kusahau.

5 Aprili

Leo simu imeshika. Nilisimama kwenye jiwe nikampigia Dereva. Nimemwambia anitengee nafasi ya mbele, siku atakayovuka. Hakuuliza sababu. Sikumwambia mtu.

8 Aprili

Zamu yangu mlangoni. Nimepanga vitabu nitakavyochukua. Vinatosha mfuko mmoja.

11 Aprili

Palizi imeanza na wanawake wengi wako mashambani. Asubuhi tulibaki watu wazima watatu: mimi, msichana wa cherehani, na mke wa Fundi ndani na mtoto. Nyundo ilikuwa inagonga.

Nikamwona mama yake Fundi anakuja, na kiti chake cha kukunja kwapani. Nilikuwa na hakika ametumwa. Hakutoa salamu. Alifungua kiti katikati kabisa ya kizingiti, akakaa, akanipa mgongo.

"Ni zamu ya nyumba yetu," akasema. "Mlisema kila nyumba."

Nilisimama nyuma yake nikitazama kisogo chake, nikiwaza jinsi ya kumwondoa mwanamke wa umri wangu kwenye kiti. Ndipo nyundo ikanyamaza.

Alikuja bila kopo la mafuta wala tabasamu. Mvua ilikuwa inamchuruzika usoni na hakuifuta.

"Mama, toka hapo."

"Nimekaa."

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Mke abaki akipenda. Mtoto ni wangu."

"Nimesikia. Na mimi nimekaa."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana sikukaa ndani."

Akasogea mpaka viatu vyake vikagusa vya mama yake. Nyuma yangu msichana wa cherehani alikuwa ameshika mkasi. Nilimshika mkono nikamzuia.

"Unataka nini?" Fundi akauliza.

"Ruka." Mama yake alinyoosha miguu yote miwili, mikavu, na viatu vya plastiki vilivyoshonwa kwa uzi. "Nafasi si hiyo hapo juu yangu? Baba yako alikuwa akiniruka nikiwa nimelala chini, akienda kunawa mikono. Ulikuwa chini ya meza. Ulidhani sikukuona? Nilikuona, na sikukutoa. Haya, ruka, tujue umerithi mpaka na hilo."

Watu walikuwa wametoka madukani. Hakuna aliyesema kosa liko wapi.

Nilimtazama usoni, na kwa kitambo nilimwona mtoto chini ya meza. Kisha hakuwepo, akawepo mtu mzima ambaye macho yake yanapima upana wa kizingiti. Aliinua mguu. Naapa aliuinua. Ukabaki hewani, tope likidondoka kwenye sketi ya mama yake.

Akaushusha alipoutoa. Akageuka, akaenda.

Mama yake hakusogea hadi jioni. Nilimletea chai. Aliipokea kwa mikono miwili, na ilimwagika yote mapajani. Nilimletea nyingine.

12 Aprili

Nyundo haikusikika leo. Wanasema yuko ndani, amelala. Hakuna anayejua.

13 Aprili

Mama yake amekuja tena. Siyo zamu yake.

16 Aprili

Mto unashuka. Daraja limeonyesha mgongo.

20 Aprili

Lori limevuka.

Dereva aliliegesha mbele yetu, injini ikinguruma, akiharakisha kabla mawingu hayajabadili nia. Mama Mizani alimpandisha mke wa Fundi nyuma, juu ya magunia, alikotaka mwenyewe ili aone kama kuna anayewafuata, akamwamrisha ashike kamba hivi, akae hivi, asiongee na yeyote njiani, ampigie simu akifika, na sauti yake ile ya ng'ombe ilikuwa imejaa maji. Nilikuwa nikimwona mtu wa makelele. Sasa naona ni mtu anayeogopa kama mimi, ila yeye woga humtokea mdomoni. Mtoto aliinuliwa akapewa mama yake. Kigoda kilibaki. Hakukiulizia, na hakuna aliyemkumbusha.

Mke wa Fundi aliinama kutoka juu akanishika kichwa kwa mkono wake mzima. Hakusema asante. Alisema, "Bibi, usiumwe na baridi."

"Mbele pamebaki pako, Bibi Vitabu," Dereva akaita. "Panda, twende."

Mama Mizani akanigeukia. Mfuko ulikuwa begani kwangu. Aliuangalia mfuko, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na la kuniamrisha.

Karakana ilikuwa wazi. Fundi alikuwa amesimama ndani, mbali na mwanga, akilitazama lori. Hakuja. Kisha akaacha kulitazama lori, akaanza kututazama sisi tuliobaki.

Kizingitini mama yake alikuwa peke yake. Nyumbani kwa mwanawe hawezi kurudi. Nguo zake amezileta jana kwenye mfuko wa sukari, na kuanzia leo atalala kitanda cha mkwewe. Watu wa ofisi watakuja mwezi ujao, au wasije. Nilifikiri juu ya upande ule mwingine wa mto. Nimeufikia mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili woga ulikuwa umetangulia, umekaa, unanisubiri.

"Weka gunia," nikamwambia Dereva.

"Gunia gani, Bibi?"

"Lolote. Nafasi isiende bure."

Lori lilipopotea kwenye kona nilivuta benchi nikakaa kizingitini. Mama yake Fundi hakunitazama.

"Nilidhani unaondoka."

"Nilidhani hivyo pia."

"Unaogopa?"

"Sana."

Alikisogeza kiti chake kidogo, akaniachia upande usio na upepo.